Injini ya Matatu Ndani ya Mashua: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Amu

Mwezi Juni, Kusi, yaani upepo wa msimu wa kusini, ikiwa imeshika, niliitwa kuitazama mashua moja ya abiria na mizigo inayofanya safari kati ya Mokowe, Amu (Lamu) na Kizingitini. Ilikuwa nangani mbele ya Shela na injini yake haizunguki. Ukigusa swichi, stata iligonga mara moja, ko, kisha kimya. Mwenye chombo alikuwa amekwisha kutoa hukumu yake kabla sijapanda. "Wameniuzia mashini mbovu, fundi," aliniambia. "Miezi saba tu, na mara ya tatu hii imekufa." Aliyeifunga, fundi wa magari kutoka Malindi ambaye mkono wake ni mzuri na sitausema vibaya, alikuwa na hukumu nyingine, kwamba nahodha hajui kutunza injini. Nahodha mwenyewe hakujitetea. Alinionyesha tu kipande cha kamba ya nailoni kilichofungwa kwenye pedali ya klachi, na baadaye niliona kwamba kamba ile ilieleza mengi kuliko maneno yetu sote.

Niseme mapema nilichokiona baada ya siku nne za kufungua na kupima. Injini haikuwa mbovu, na nahodha hakukosa jambo ambalo angeweza kulijua. Kilichotokea ni kwamba injini ilitolewa kwenye gari bila mtu kuhesabu kazi ambazo gari lenyewe lilikuwa likiifanyia. Gari huipa injini upepo na nafasi za kupumua. Ekseli na springi hubeba msukumo wa magurudumu usiifikie. Na moshi wake hutupwa nyuma, mahali pasipo maji. Ndani ya mashua msaada huo wote hukoma siku moja, na kila kilichokoma kinahitaji kitu cha kushika nafasi yake. Katika kisa hiki hakuna kilichoshikiwa nafasi, na kila pengo lilidai haki yake kwa zamu.

Mashua yenyewe ni ya mbao, yenye urefu wa mita 11, na katika hizo mita 9.5 hulala majini. Hapo awali ilisukumwa na mashini ya nje ya petroli, na mwenye chombo alichoshwa na bei ya petroli, jambo ambalo hakuna mtu wa Amu atakayemlaumu kwalo. Mnamo Novemba alinunua injini ya dizeli ya silinda 4, lita 2.8, isiyo na turbo, iliyotoka kwenye matatu, pamoja na klachi na giaboksi yake, vikaletwa kwa lori kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe. Bloku, yaani mwili wenye silinda, ni ya chuma cha kusubu; hedi, kifuniko chake cha juu, ni ya aluminiamu. Kwenye karatasi injini hiyo hutoa kilowati 65 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika. Rejeta iliachwa Malindi, kwa hoja kwamba baharini maji ni bure. Thamostati, valvu inayozuia maji yasizunguke hadi injini ipate moto, iling'olewa. Pampu ya mkanda ilifungwa ivute maji ya bahari, iyapitishe ndani ya bloku na hedi, kisha iyamwage ndani ya paipu ya moshi. Shafti ya rafadha, au propela kama wasemavyo mafundi wengi, iliunganishwa kwa kaplingi moja kwa moja kwenye mkia wa giaboksi, na gia iliyotumika ni ya nne, ambayo katika giaboksi hiyo ni moja kwa moja: injini ikizunguka mara moja, shafti nayo mara moja.

Kabla ya kuendelea, ni haki kuwajibu wanaosema kwamba injini ya nchi kavu haifai baharini kwa namna yoyote, maana nao wamekosea. Perkins 4.108 ilifanya kazi katika magari madogo ya mizigo na ikafanya kazi katika mashua za nchi nyingi. Injini nyingi za petroli za MerCruiser zimejengwa juu ya bloku za General Motors, na Beta Marine ya Uingereza huchukua bloku za Kubota na kuzivika vifaa vya baharini. Bloku, pistoni na krenki, shafti kuu ya injini, zinaweza kuwa zile zile. Wanachokifanya watengenezaji hao ni kubadilisha vilivyoizunguka bloku: njia ya maji, njia ya moshi, sampu ya oili, giaboksi, na mara nyingine kemu inayofungua valvu. Mnunuzi akiona bei ya injini ya baharini hudhani analipia jina, kumbe analipia hivyo.

Nianze na mzigo, kwa sababu ndio uliojionyesha kwanza. Tangu siku ya kufungwa, injini ilikuwa ikitoa moshi mweusi na haikupita mizunguko 2,100 hata nahodha akibana mafuta hadi mwisho. Fundi alibadilisha nozeli za kunyunyizia dizeli, akapima pampu ya dizeli, akarudisha nozeli za zamani. Zote zilikuwa nzima. Dereva huipima injini kwa nguvu zake za juu, zile za kitabuni, ilhali gari haliziombi isipokuwa kwa dakika chache. Gari dogo likienda kilomita 100 kwa saa kwenye barabara tambarare huhitaji takriban kilowati 15 hadi 20. Zilizobaki ni akiba ya kupanda mlima na kulipita lori. Matatu ile ilipokuwa ikifanya kazi ilikuwa na vituo, ng'ombe barabarani na abiria wa kushuka, na kila dereva alipoinua mguu, injini ilipumua. Baharini hakuna kuinua mguu. Kutoka Mokowe, kupitia mlango mwembamba wa bahari wa Mkanda, hadi Kizingitini, injini inapanda mlima mmoja usiofika kileleni, na ndiyo maana watengenezaji huiandikia injini ya baharini kiwango cha kazi ya mfululizo ambacho ni kidogo kuliko kile cha muda mfupi.

Rafadha iliyofungwa ilikuwa ya inchi 13 kwa 11, yaani upana wa inchi 13 na hatua ya inchi 11. Hatua ni umbali ambao rafadha ingesonga kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inaingia kwenye ubao kama skrubu. Kwa mizunguko 2,100 kwa dakika hatua hiyo ni sawa na maili 19 za baharini kwa saa. Mashua ilikuwa ikienda maili 6. Maji si ubao, na kuteleza kiasi ni lazima, lakini kuteleza kwa zaidi ya theluthi mbili maana yake ni kwamba rafadha ilikuwa ikiyachapa maji mahali pamoja na nguvu nyingi za injini zikiishia kwenye povu. Mwenye chombo aliponiambia kwamba alitaka kilowati 65 ili apate mwendo, ilinibidi nimpigie hesabu mchangani. Chombo kizito kinachokata maji bila kupanda juu yake kina ukomo wa mwendo unaotokana na urefu wake: chukua urefu wa majini kwa futi, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 1.34. Mita 9.5 ni futi 31, na jibu ni karibu maili 7 na nusu za baharini kwa saa. Ukipita hapo, unalipia dizeli ya kujenga wimbi. Kwa maili 7, mashua ile haihitaji zaidi ya kilowati 20 hivi. Alitazama tarakimu kwa muda, akazifuta kwa mguu, akasema, "Kumbe nilinunua farasi wa kubebea kuku."

Kifo cha kwanza cha injini, cha mwezi Februari, kilitoka kwenye maji. Pembeni na nyuma ya bloku ya gari kuna matundu yaliyoachwa wakati wa kusubu, nayo huzibwa kwa vizibo vya bati la chuma. Ndani ya gari vizibo hivyo hukaa miaka mingi kwa sababu maji yanayozunguka ni matamu na yametiwa dawa ya kuzuia kutu. Hapa vilikutana na maji yenye gramu 35 hivi za munyu kwa kila kilo, yakiwa na joto na hewa. Kizibo cha nyuma ya flaiwili, gurudumu zito la mkiani mwa injini, ambacho bila shaka kilikwisha kuliwa kiasi tangu enzi za barabarani, kilitoboka, na munyu ukarushwa juu ya klachi. Kukifikia kulihitaji kuishusha giaboksi. Fundi alitia kizibo kipya cha bati lile lile, na hakuna mtu anayeweza kumlaumu kwa kutafuta dukani kile kilichokuwa pale. Wafanyao injini za baharini zinazopozwa kwa maji ya bahari hutia cha shaba.

Kilichonishangaza ni kwamba nahodha aliusifu upozaji wake. Geji ya joto haikupita nyuzi 45, naye alihesabu hiyo kuwa afya. Ni kinyume. Dizeli inayofanya kazi ikiwa baridi haichomi mafuta yote; ringi za pistoni hazikai sawasawa kwenye silinda, dizeli hushuka kwenye oili, na oili niliyoimwaga ilikuwa nyepesi na yenye harufu ya mafuta. Isitoshe, thamostati ikiondolewa maji hushika njia ya mkato, kwa hiyo silinda ya kwanza huwa baridi na sehemu ya nyuma ya hedi hubaki na joto ambalo geji iliyo mbele haiioni kamwe. Lakini kuirudisha thamostati ya gari, ile ya nyuzi 82, kungeleta balaa jingine, kwa sababu chokaa iliyomo ndani ya maji ya bahari huganda kadiri joto linavyopanda na kuacha ukoko mweupe kama wa ndani ya birika. Ndiyo maana injini zinazopozwa kwa maji ya bahari moja kwa moja hutiwa thamostati ya nyuzi 60 hivi: joto la kutosha kuchoma mafuta, lisilotosha kugandisha munyu. Ni suluhu ya katikati, na hedi ya aluminiamu haiipendi hata hivyo. Nilipoifungua, kingo za njia za maji zilikuwa zimelika na kuwa kama kipande cha andazi kilichotafunwa, na kama kazi ingeendelea mwaka mmoja zaidi, gasketi isingekuwa na mahali pa kukaa. Aluminiamu, chuma na shaba vikiunganishwa ndani ya maji ya munyu vinakuwa betri, na katika betri hiyo aluminiamu ndiyo inayolipa. Si elimu mpya. Mwaka 1824 Humphry Davy aliwaonyesha wenye manowari za Uingereza kwamba kipande cha zinki au chuma kikishikizwa kwenye shaba ya chombo, chenyewe ndicho huliwa na shaba ikasalimika. Katika injini hii hapakuwa na zinki hata moja.

Kifo cha pili kilikuwa cha giaboksi, mwezi Aprili, na hapa ndipo kamba ya nahodha inapoingia.

Shafti ya gari kazi yake ni kusokota tu. Magurudumu yakilisukuma gari mbele, msukumo huo hupitia ekseli na springi hadi kwenye chesisi, na giaboksi haiupati. Rafadha haina ekseli. Inausukuma mkia wa shafti, shafti inasukuma kinachoishikilia, na hicho ndicho kinachoisukuma mashua. Giaboksi ya baharini ina beringi ya msukumo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Giaboksi ya matatu ina beringi iliyotengenezwa kuiweka shafti katikati, na kwa makadirio yangu ilikuwa ikisukumwa na zaidi ya kilo 300, sawa na mifuko 6 ya saruji, saa baada ya saa. Beringi ilipolegea, shafti ya ndani ilisogea mbele milimita chache, zikatosha kuufanya mkono wa gia ukwame. Nahodha hakuweza tena kuitoa gia. Chombo kikiwa gatini na abiria wakipanda na kushuka na mbuzi wao, ilimbidi akanyage klachi, na kwa kuwa mtu hawezi kukanyaga klachi nusu saa huku akipokea mizigo, aliifunga kwa kamba. Dereva hukanyaga klachi kwa sekunde chache, na kila anapoikanyaga anaisukuma krenki mbele juu ya washa zake mbili nyembamba zinazoizuia isisogee. Washa zile zilibanwa kwa nusu saa kila gati, mara nne kwa siku. Nilipopima kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, krenki ilikuwa ikicheza mbele na nyuma milimita 0.9, ilhali katika injini za aina hii milimita 0.3 tayari ni mwisho wa ruhusa. Fundi wa Malindi alikwisha kubadilisha beringi ya giaboksi, lakini kamba aliiona kama uvivu wa baharia, hakuiuliza ilikotoka.

Gia ya nyuma ilikuwa na ubaya wake wa pekee. Katika gari, gia hiyo ni nzito makusudi, takriban mizunguko 4 ya injini kwa mmoja wa shafti, ili gari litoke polepole kwenye maegesho. Katika chombo, gia ya nyuma ndiyo breki. Nahodha aliyezoea mashini ya nje alilikaribia gati la Mokowe kwa mwendo wake wa kawaida, akatia nyuma, na rafadha ikazunguka kivivu wakati mashua ikiendelea na safari yake hadi kwenye nguzo. Hakuumia mtu. Ubao mmoja wa omo, yaani pua ya chombo, ulivunjika, na tangu siku hiyo alizima injini mapema na kumalizia kwa upondo, mti mrefu wa kusukumia chombo.

Sasa kifo cha tatu, ambacho ndicho nilichoitiwa. Stata inayogonga mara moja na kukataa huweza kuwa betri, stata yenyewe, au kitu kinachozuia pistoni. Betri ilikuwa dhaifu lakini hai. Niliitoa nozeli ya silinda ya nne, tukaizungusha krenki kwa spana, na maji yakaruka kupitia tundu la nozeli hadi darini. Nahodha aliyalamba kidoleni na kusema ni munyu, akidhani swali limekwisha. Kwa bahati mbaya munyu haukutueleza chochote. Katika gari, maji yakikutwa juu ya pistoni unaonja tu: yakiwa na utamu wa dawa ya rejeta, gasketi imekufa. Hapa maji ya kupoza yalikuwa ya bahari na maji ya kwenye paipu ya moshi yalikuwa ya bahari pia, kwa hiyo washukiwa wawili walikuwa na ladha moja.

Niliziba njia zote za maji za bloku na kuitia hewa ya pampu ya gurudumu. Ikashikilia saa nzima. Gasketi basi haikuwa na kosa. Nikafungua manifoldi mbili, ya kuingizia hewa na ya kutolea moshi. Ile ya hewa ilikuwa kavu, na mgongo wa valvu ya hewa ya silinda ya nne ulikuwa na masizi meusi ya kawaida. Ile ya moshi ilikuwa na chembe nyeupe za munyu hadi kwenye mlango wa silinda ya nne, iliyo karibu zaidi na paipu ya kutokea, na mgongo wa valvu yake ya moshi ulikuwa na kutu mbichi ya rangi ya machungwa. Hedi ilipoinuliwa, kwenye ukuta wa silinda ile kulikuwa na mduara wa kutu mwembamba, safi kama uliochorwa, ukionyesha pistoni iliposimama na maji yalipokaa. Konrodi, mkono unaoiunganisha pistoni na krenki, ilikuwa imepinda; pistoni ya nne, ikiwa juu kabisa, ilisimama milimita 2 chini ya wenzake.

Maji yalifikaje huko? Paipu ya moshi ilitoka kwenye manifoldi, ikashuka, ikaenda moja kwa moja hadi shetrini, nyuma ya chombo. Maji ya kupoza yalimwagwa ndani yake sentimita 20 chini ya mstari wa maji wa chombo, na hapakuwa na mahali popote ambapo paipu ilipanda juu kabla ya kushuka. Injini ikifanya kazi hilo halionekani, kwa sababu moshi huyasukuma maji nje. Lakini usiku ule chombo kilikuwa nangani mbele ya Shela. Maji yakipwa, mkondo hutoka kwenda baharini, chombo hugeuza omo ndani na shetri nje, na wimbi la Kusi linaloingia kwenye mlango wa bahari hupiga moja kwa moja mdomo wa paipu. Hilo peke yake lingetosha. Asubuhi betri dhaifu ikaongeza lake: nahodha alipiga stata kwa vipindi virefu, na kila stata ilipoizungusha injini, pampu ya mkanda ilizunguka nayo na kuongeza maji ndani ya paipu ambayo haikuwa na moshi wa kuyatoa. Paipu ikajaa, maji yakapanda hadi kwenye manifoldi, yakaikuta valvu ya silinda ya nne imefunguka. Hewa hubanwa, katika dizeli ya aina hii hubanwa mara 20 hivi. Maji hayabanwi. Kitu cha kusalimu amri kilikuwa konrodi.

Kwa hiyo mwenye chombo, fundi na nahodha walikuwa wakibishana juu ya injini, na kosa lilikuwa kwenye paipu ya mita tatu ambayo hakuna aliyeitaja. Binafsi naona hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kati ya injini ya gari na ya baharini, kubwa kuliko upozaji unaozungumzwa sana. Moshi wa gari hauna adui. Moshi wa chombo hutoka kwenye shimo lililo karibu na bahari, na bahari husubiri injini izimwe.

Mengine niliyoyakuta ni madogo. Sampu ya bati ilikuwa imeanza kutoboka, kwa kuwa maji ya ngama, chini ndani ya chombo, yaliirukia, ilhali chini ya gari upepo huikausha na kuipoza. Injini ilifungwa kwa mwinamo wa nyuzi 12 kufuata shafti, na kijiti cha oili kilikuwa kikisema uongo tangu siku ya kwanza. Oili haikuwa na kipoza chochote. Nashukuru tu kwamba ilikuwa dizeli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka kwenye ngama na kukaa, na stata na altaneta za gari hutoa cheche bila aibu, ndiyo maana za baharini hufunikwa cheche zisitoke na kabureta hutiwa kizuia-moto mdomoni. Anayefikiria kutia injini ya petroli ya gari ndani ya chombo kilichofunikwa dari asiniite.

Tulikipandisha chombo Matondoni kwa maji makubwa ya bamvua. Swali la kwanza lilikuwa upozaji. Njia ya kawaida ni kibadilisha joto: pipa dogo lenye vijibomba, maji ya bahari yakipita ndani ya vijibomba na maji matamu ya injini yakipita nje yake, yasikutane. Ni njia nzuri, lakini inahitaji pampu yenye panga za mpira, na maji ya milango yetu yana mchanga unaoula mpira huo upesi, hasa chombo kinapopita Mkanda maji yakiwa machache. Nilipendelea bomba la shaba lililolazwa nje, pande zote mbili za mkuku, uti wa chini wa chombo, kwenye pembe ambayo chombo kikilala ubavu wakati wa kupwa haigusi ardhi. Maji matamu yenye dawa hutoka kwenye injini, hupita ndani ya bomba hilo, hupoa na kurudi. Kwa namna hiyo injini ilirudishiwa rejeta yake, ila sasa rejeta iko baharini. Thamostati ya nyuzi 82 ikarudi mahali pake, na munyu haukuingia tena ndani ya bloku. Zinki mbili zilifungwa karibu na bomba.

Kwa kuwa hapakuwa tena na maji ya bahari ya kumwaga kwenye moshi, paipu ya moshi ilipandishwa wima kupitia dari, ikafungwa kwa utepe wa kuzuia joto na kuwekewa bati la kinga lililoachana na mbao kwa upana wa kiganja. Nahodha analalamika kuhusu kelele, na ana haki. Giaboksi ya baharini iliyotumika, yenye kupunguza mizunguko 2 kwa 1 na beringi yake ya msukumo, ilitoka Mombasa pamoja na sahani ya kuiunganisha na bloku. Rafadha mpya ni ya inchi 17 kwa 12. Injini ikizunguka 2,400, rafadha huzunguka 1,200, mashua huenda maili 7 na moshi haupo. Nahodha nilimfundisha jambo moja tu la hesabu, kwamba mzigo wa rafadha hupanda kwa mchemraba wa mizunguko: akishuka hadi 2,000, mzigo hubaki asilimia 58 hivi ilhali mwendo haupotei hata maili moja na nusu. Siku za mizigo michache hushuka mwenyewe bila kuambiwa.

Mwenye chombo aliniuliza, baada ya kulipa, kama injini ndogo ya baharini iliyotumika, ya kilowati 22 au 25, ingemgharimu zaidi ya haya yote. "La, ami," nilimjibu. "Ungelipa pungufu kidogo, na ungeipata tangu Novemba." Alinyamaza, akauliza kama giaboksi ile inaweza kuhamishiwa injini nyingine siku hii ikichoka. Inaweza, sahani tu ndiyo itabadilishwa.

Hedi ilisawazishwa na kutumika tena, ingawa sikupenda. Mpya haikupatikana kwa wakati. Konrodi na washa za krenki zilibadilishwa. Tulipokipandisha tena baada ya upepo wa Kaskazi kuanza, zinki zilikuwa zimeliwa karibu nusu, bomba la mkukuni lilikuwa na chaza wachache wa kukwangua, na krenki ilicheza milimita 0.15, kipimo kile kile nilichokiandika siku ya kuifunga.